Tulikwenda Kuhesabu Nyota Zisizotamaniwa

Ijumaa, Deciat

Dogo wa Leicester kachelewa tena kwenye mchezo wetu wa kompyuta, Elite Dangerous. Alipitia Epsilon Indi kumwonyesha mwanafunzi mwenzake New Africa, sayari iliyo chini ya miaka ya nuru 12 kutoka kwenye Jua letu, pamoja na mwezi wake Mitterand Hollow, uliopata umaarufu kwa wachezaji kwa sababu ya mbio zake: husimami ukautazama, unakupita. Dada wa Mombasa akamwambia, "Haya, Afrika Mpya umeshaiona, sasa njoo tufanye kazi."

Tuko wanne. Dada wa Mombasa ndiye kiongozi, na hilo hakuna aliyelipigia kura. Ami wa Muscat, mtu wa makamo aliyezaliwa Unguja, anatutangulia saa moja sisi wa Afrika Mashariki kwa saa za kwao, kwa hiyo kila usiku ndiye wa kwanza kusinzia kwenye kipaza sauti. Dogo anasoma Uingereza. Mimi niko Dar.

Kwa asiyeujua mchezo: Elite Dangerous ulitoka Desemba 2014, umetengenezwa na Frontier Developments ya Cambridge, na ni mrithi wa Elite ya 1984 waliyoiandika David Braben na Ian Bell. Ndani yake mna galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Nyota nyingi zinazofahamika na wanaastronomia zimepangwa mahali pake. Zilizobaki, yaani karibu zote, zinafinyangwa na programu inayoitwa Stellar Forge, kwa kanuni za fizikia, na zinakuwa zilezile kwa kila mchezaji. Wachezaji wamekuwa wakizizunguka tangu siku ile na bado hawajafikia hata asilimia moja.

Watu wengi wakienda mbali wanakwenda kutafuta sayari inayofanana na Dunia ili jina lao liandikwe pale milele. Sisi tunakwenda kuhesabu sanduku moja, kila kitu kilichomo, hasa vile ambavyo hakuna mtu angevitamani. Nitaeleza sanduku ni nini tukifika.

Deciat tumekuja kwa fundi Felicity Farseer, ambaye hakuna msafiri asiyemfahamu, maana ndiye anayeongeza nguvu ya injini ya kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine. Chombo changu ni Asp Explorer, nimekiita Mtepe. Nimetoa bunduki zote, nimeacha ngao ndogo kabisa, na vifaa vingine nimechagua vile vyepesi kuliko vyote, hata kama ni dhaifu. Kila tani unayoitoa inakuongezea umbali. Sasa naruka zaidi ya miaka ya nuru 60 kwa mara moja. Ami anaendesha Anaconda, Dada ana Krait Phantom, Dogo ana Diamondback Explorer, chombo chenye umbo la sanduku la viatu ambacho yeye anasema ni kizuri.

Jumamosi, Jackson's Lighthouse na kuendelea

Jackson's Lighthouse ni nyota ya nyutroni, na ndiyo lango letu la barabara kuu. Nyota ya nyutroni katika mchezo huu inatoa mikia miwili ya mwanga, mmoja juu na mwingine chini, inayozunguka. Ukiingiza chombo ndani ya mkia, mbali na nyota yenyewe, injini inajazwa nguvu na mruko unaofuata unakuwa mara nne ya kawaida. Gharama yake ni kwamba injini inachubuka kidogo kila mara, na chombo kinatikiswa humo ndani mpaka unajikuta umeshika usukani kwa mikono miwili. Unachotakiwa ni kutulia, usigeuze pua kuelekea kwenye nyota, uache ukutupe nje wenyewe. Vibete vyeupe, yaani mabaki madogo ya nyota zilizokufa, navyo vina mikia, lakini vinaongeza mara moja na nusu tu na vinaua watu wengi zaidi, kwa sababu eneo la kujazia liko karibu mno na nyota. Dada amepiga marufuku vibete vyeupe katika safari hii.

Kuna tovuti ya wachezaji iitwayo Spansh. Unaiandikia unapotoka na unapokwenda, inakupangia njia kwa kufuata nyota za nyutroni. Nyota hizo zimo kwenye hazina yake kwa sababu mtu fulani, siku fulani, alifika pale na taarifa ikapelekwa. Kwa maana hiyo barabara yote tunayopita leo imejengwa na watu waliotangulia kupotea humo.

Ami alifungua ramani ya EDSM, tovuti nyingine ya wachezaji, ya mifumo iliyotembelewa na kutuonyesha kwenye skrini. Nimeitazama ramani hiyo miaka mingi bila kuiona. Galaksi nzima iko gizani, halafu kuna doa kubwa jeupe pale tunapoishi, doa jingine dogo Colonia, mji wa mbali tunakoelekea, jingine katikati kabisa, na kati yake nyuzi. Nyuzi zimenyooka. Nyingine zinapinda kufuata vituo vya msafara fulani mkubwa. Unaweza kunyoosha kidole ukasema hawa walikuwa Distant Worlds, walioondoka Januari 2016, na hawa ni wale wa msafara wa pili uliong'oa nanga Januari 2019 na kuvuta watu zaidi ya 13,000 waliojiandikisha.

"Hii si ramani ya nyota," Ami akasema. "Hii ramani ya tabia za watu."

Ndiyo sababu ya safari yetu, na afadhali aliisema yeye.

Jumapili

Kuruka, kuingia mkiani, kuruka. Kila baada ya miruko kadhaa kutafuta nyota ya kuchotea mafuta. Kwa herufi zinazopanga nyota kufuata joto lake, zinazochoteka ni za daraja K, G, B, F, O, A na M tu, na wachezaji wamezipanga herufi hizo kuwa KGBFOAM ili mtu asisahau. Nyingine zote unaziangalia tu.

Jumatatu

Kazini mpaka jioni, umeme ukakatika saa mbili, ukarudi saa tatu na nusu. Niliruka kidogo, zaidi tulipiga soga.

Ami ni wa kale, alianza mwaka ule wa kwanza. Anasema siku hizo mchezo haukukupa majira ya nyota uliyopo, yaani namba za mahali ilipo. Ulikuwa unakupa umbali kati ya nyota mbili basi, tena kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Kwa hiyo ukifika mfumo mpya unafungua ramani, unaandika umbali wake kutoka nyota hii, ile na ile ambazo mahali pake panajulikana, halafu unapeleka namba hizo kwa wenzako zikakokotolewe mpaka nyota yako ipate pa kukaa. Ilifanikiwa kwa sababu waligundua kwamba kila nyota katika mchezo imekaa kwenye gridi: majira yake ni vipande vya 1/32 ya mwaka wa nuru. Umbali ulioukadiria ukiwa karibu na kipande fulani, basi ndicho hicho, unasogeza tu. Watu wasiojuana walikuwa wanapima galaksi kwa kamba, nyota baada ya nyota.

Siku hizi mchezo wenyewe unaandika shajara. Ukiwa unacheza, kwenye kompyuta yako kuna faili la maandishi linalojazwa mstari kwa mstari: umeruka hapa, majira ni haya, umechunguza gimba hili (nyota, sayari au mwezi), uzito wake huu, joto lake hili. Programu ndogo za wachezaji zinasoma faili hilo na kulirusha kwenye mtandao wa EDDN, na kutoka hapo EDSM, Spansh na wengine wanachukua. Mimi nikiruka Dar, sekunde chache baadaye nyota yangu imo kwenye hazina ya watu wote. Dogo hakuwa anajua. Miaka yote anacheza alidhani taarifa zinatoka kwa kampuni.

Ami pia ndiye aliyetukumbusha kisa cha TRAPPIST-1. Februari 2017 NASA walipotangaza sayari saba kuizunguka nyota hiyo ndogo, iliyo miaka ya nuru kama 40 kutoka kwetu, wachezaji walikwenda kutazama kwenye mchezo. Karibu na mahali hapohapo Stellar Forge ilikuwa imeshaweka kibete cha kahawia, yaani nyota iliyoshindwa kuwaka, chenye sayari saba za mawe, mfumo uliokuwa na jina gumu la Core Sys Sector XU-P a5-0. Watengenezaji wakaurekebisha na kuupa jina lake. Ndiyo bahati, najua, lakini ni bahati ya programu iliyofundishwa vizuri.

Jumanne, Colonia

Tumefika. Miaka ya nuru 22,000 kutoka nyumbani, na kuna bandari, kuna soko, kuna foleni ya kutua.

Mji huu haukupangwa na mtu. Mwaka 2016 kituo kiitwacho Jacques Station, chenye injini yake, kilitangaza kwamba kitaruka kwenda Beagle Point, upande wa pili wa galaksi, miaka ya nuru 65,000 na zaidi kutoka kwenye Jua. Kikaruka, hakikufika, kikapotea. Wachezaji wakaanza kukitafuta, na baada ya wiki kadhaa kikapatikana njiani kimekwama katika mfumo wa Eol Prou RS-T d3-94. Watu wakaanza kupeleka mizigo ya kukikarabati, wengine wakahamia, na mfumo ukabadilishwa jina ukawa Colonia. Ukiuliza majira yake utaambiwa -9530.5, -910.28125 na 19808.125, Jua likiwa sifuri. Zile tarakimu za mwisho za namba ya pili, .28125, ni vipande tisa vya 1/32. Ami alifurahi kuziona kuliko alivyofurahia bandari.

Nimetengeneza injini iliyochubuka, nimejaza mafuta, nimelala mapema.

Jumatano, kwenye sanduku

Sasa habari ya sanduku.

Chukua jina la zamani la Colonia: Eol Prou RS-T d3-94. Eol Prou ni eneo. RS-T d3 ni sanduku ndani ya eneo hilo. 94 ni namba ya mfumo ndani ya sanduku, kuhesabu kunaanzia sifuri. Herufi ndogo, hii d, inakueleza mambo mawili kwa pamoja: uzito wa mfumo na ukubwa wa sanduku. Inaanzia a, mifumo myepesi kabisa, mpaka h, kwenye mashimo meusi na majitu. Sanduku la a lina upana wa miaka ya nuru 10 kila upande, la b 20, la c 40, la d 80, na kuendelea kuzidisha mara mbili mpaka h lenye 1,280. Kwa hiyo galaksi nzima imekatwakatwa vipande vya mchemraba vilivyopangwa ndani ya vingine, na sanduku moja la d linameza manane ya c.

Ukishajua hilo, majina yale yanayoonekana kama matusi ya kompyuta yanaanza kusema. Karibu na kitovu cha galaksi kuna kituo cha Explorer's Anchorage, kilichojengwa kwa jasho la wachezaji wa msafara ule wa 2019. Mfumo wake unaitwa Stuemeae FG-Y d7561. Namba 7561! Maana yake katika boksi moja la miaka ya nuru 80 kila upande mna mifumo ya daraja hilo isiyopungua 7,562, bila kuhesabu ile midogo iliyobanana humohumo. Huku tuliko ni kukavu zaidi.

Sanduku letu ni la d, sitalitaja jina, kazi haijaisha na wadokozi wapo. Liko kama miaka ya nuru elfu moja na ushei kutoka Colonia, pembeni ya uzi wa watu. Watu wachache wamewahi kupita hapo, maana nyota moja ya nyutroni iliyomo ina jina la mtu, na jirani yake ya njano nayo. Zilizobaki, hakuna.

Tumegawana masanduku manane ya c, kila mtu mawili. Kazi ya kwanza ni kujua mna nyota ngapi. Hakuna pa kuuliza, unaibana ramani yenyewe. Nikaandika jina la sanduku langu, kistari, 40. Ramani ikasogea, ipo. Nikaandika 80, ikasema haipatikani. 60, haipatikani. 50, ipo. 55, haipatikani. 53 ipo, 54 haipo. Basi za uzito wa c humo ni 54, kuanzia sifuri mpaka 53, na tangu dakika ile zinajulikana idadi ijapokuwa hakuna aliyeziona.

Alhamisi

Alhamisi asubuhi seva hufungwa kwa matengenezo ya kila wiki, na mchana niko kazini vilevile. Dada ametengeneza jedwali: namba ya mfumo, daraja la nyota kuu, idadi ya magimba, nani kafika, lini. Safu ya mwisho ameipa kichwa "Maelezo" na ameandika juu yake: *ukiona hakuna kitu, andika HAKUNA KITU.*

Dogo aliuliza kwa nini tuandike mahali ambapo hakuna kitu. Dada akamjibu, "Kwa sababu usipoandika, nitafanana na mtu ambaye hakwenda."

Ijumaa

Leo ndiyo kazi.

Utaratibu ni huu. Unaruka, nyota inajaza dirisha, unaiweka kando ya pua na kuanza kuchota mafuta huku unapiga honi. Wachezaji wote duniani wanaiita honi: unashikilia kitufe sekunde chache, mlio mzito unatoka, na chombo kinakuambia mfumo una magimba mangapi. Kisha unapunguza mwendo na kufungua kioo cha uchunguzi. Anga lote linageuka samawati, na chini kunatokea mstari wenye milima midogo ya ishara, sayari kubwa za gesi mwisho wa kulia, na kila aina nyingine na mahali pake. Unasogeza sindano mpaka kwenye mlima, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima, halafu unalenga doa la buluu na kuvuta karibu. Gimba linatokea kutoka kwenye ukungu, na kila aina ina sauti yake. Baada ya siku mbili unajua barafu kwa masikio kabla hujaiona.

Kabla ya Desemba 2018 kioo hiki hakikuwepo. Ilikuwa lazima uendeshe chombo mpaka karibu na kila gimba, moja baada ya jingine. Ami anasema ndiyo maana watu wa zamani walichagua nyota za kwenda, na simlaumu hata mmoja.

Nyota zangu: nyekundu, nyekundu, chungwa, nyekundu, nyekundu yenye kibete cha kahawia, nyekundu. Magimba: barafu, barafu, mawe, barafu. Kuna mfumo mmoja uliokuwa nyota peke yake, hata kokoto haina. Nikaandika HAKUNA KITU na nikaona fahari ambayo siwezi kuieleza kwa mke wangu.

Kabla ya kulala nilitua mara moja. Mwezi wa barafu, mdogo, unaozunguka sayari ya barafu, inayozunguka nyota nyekundu. Nikatoa gari nikaenda mpaka ukingo wa kreta. Mchezo huu unapaka kila kitu rangi ya nyota yake, na barafu iliyopaswa kuwa nyeupe ilikuwa na rangi ya juisi ya ukwaju iliyotiwa maji mengi. Kivuli cha chombo kilikuwa kirefu kupita kreta nzima kwa sababu nyota ilikuwa karibu inazama. Nikazima taa za gari nikatazama dakika chache. Hapa hapakuwa na cha kuuza wala cha kupiga picha ya kushindania. Nikachukua germaniamu kidogo nikaondoka.

Jumamosi

Saa tano usiku Dogo akasema kwa sauti ya mtu anayejaribu kutulia, "Jamani, mafuta yangu yanasoma asilimia mbili."

Sanduku lake la pili lina vibete vingi vya kahawia, na hivyo havichoteki. Alikuwa ameruka mfululizo akitegemea inayofuata, na inayofuata ikawa ya kahawia tena. Kati yetu hakuna aliyebeba kifaa cha kuhamisha mafuta. Tulikiacha wote kwa ajili ya uzito.

Wapo watu wanaoitwa Fuel Rats. Tangu 2015 kazi yao ni moja: mchezaji akiishiwa mafuta mahali popote kwenye galaksi, wanamfuata, hawataki malipo. Tukawaita kupitia chumba chao cha maongezi. Swali lao la kwanza halikuwa jina wala mahali: waliuliza kama anaona saa ya hewa ya dharura ikihesabu kurudi nyuma. Mafuta yakiisha kabisa, umeme wa chombo unazima na unabaki na hewa ya dakika chache. Angekuwa anaiona, wangemwambia atoke kwenye mchezo hapohapo mpaka menyu kuu, wakati usimame hapo, arudi wakiwa wamefika. Dogo hakuwa anaiona bado. Wakamwambia azime kila kifaa isipokuwa cha hewa, asubiri.

Aliyekuja alitokea upande wa Colonia. Chini ya saa moja alikuwa pale. Ombi la urafiki, mwaliko wa kikosi, Dogo akawasha taa ya kujulisha alipo, na chombo cha mgeni kikatokea kutoka kwenye mwanga wake. Vikatoka vidude vidogo vinavyojiendesha, kila kimoja kimebeba tani moja ya mafuta, vikajigandisha kwenye ubavu wa Diamondback. Dogo akamwuliza kwa Kiingereza afanye nini kumshukuru. Akajibiwa ajifunze kuchuja ramani kwa daraja la nyota. Akaondoka zake.

Ami alikuwa amelala kwenye kipaza sauti muda wote. Alipoamka akauliza, "Tumefika ngapi?"

Jumapili

Ugomvi, lakini wa heshima.

Dogo aliiona nyota ya njano nje kidogo ya mpaka wetu, daraja G, na kwenye ramani haina jina la mtu. Alitaka aende mara moja tu. Inaweza kuwa na sayari ya maji, inaweza kuwa na Dunia, na jina lake litabaki pale hata akiacha kucheza. Dada akakataa: ukitoka leo kwa nyota ya njano, kesho kila mtu ana ya kwake, na jedwali litakuwa lilelile la watu wote.

Ami akaingia kati. Alisema hata anga la kweli linatudanganya kwa namna hiyo. Nyota iliyo karibu na Jua kuliko zote ni Proxima Centauri, miaka ya nuru 4.24, na hakuna binadamu aliyewahi kuiona kwa macho matupu, kwa kuwa ni kibete chekundu, nyota ndogo yenye mwanga hafifu. Kati ya nyota zote tunazoziona kwa macho usiku hakuna hata kibete chekundu kimoja, ingawa ndivyo vingi kuliko vyote, kama robo tatu ya nyota za galaksi. Babu zetu mabaharia waliongozwa na nyota zinazong'aa na walikuwa na haki, walitaka kufika. Lakini anayetaka kujua galaksi imejaa nini, akihesabu zinazong'aa tu atatoa jawabu la uongo. Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kuzimwa Machi 2025, kilipima nyota karibu bilioni mbili, na hata hizo ni sehemu ndogo ya zilizopo.

Dogo akanyamaza, kisha akasema, "Shikamoo Ami."

"Marahaba. Nenda kwenye nyota yako kazi ikiisha."

Binafsi naona Dogo alikuwa na hoja ambayo hakuisema vizuri. Bila tamaa ya jina, hata zile nyuzi zisingekuwepo. Mtu gani angeendesha chombo miaka ya nuru 65,000 kwa ajili ya safu ya "Maelezo"? Tamaa ndiyo iliyowafikisha. Tatizo ni kwamba inajua kwenda mbali, haijui kujaza katikati.

Jumatatu hadi Jumatano

Nimeziweka pamoja kwa kuwa zilifanana. Nyekundu, chungwa, barafu. Dada alimaliza yake Jumatatu akamsaidia Ami, ambaye Anaconda yake inageuka polepole kama mlango wa chuma. Jumanne Ami alipata sayari ya amonia, ya rangi ya hudhurungi yenye mawingu mekundu, na kwa mara ya kwanza wiki hii kila mtu aliacha alichokuwa akikifanya akaenda kutazama. Iko ndani ya mipaka, kwenye nyota ya chungwa isiyo na sifa yoyote. Isingepatikana kwa kuchagua.

Jumatano usiku jedwali limejaa. Hakuna nafasi tupu hata moja katika masanduku yote manane ya c.

Alhamisi, Colonia

Taarifa mpaka uziuze kwenye ofisi ya Universal Cartographics ndiyo unapata malipo na jina. Chombo kikilipuka kabla hujauza, zimekwenda. Kwa hiyo njia ya kurudi tulitembea kama waliobeba mayai, nyutroni hatukugusa, na kutua Ami alituzuia tusitumie rubani wa kompyuta kwa sababu anazoziamini yeye.

Risiti ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ukurasa baada ya ukurasa, mfumo wenye kibete chekundu na magimba ya barafu unalipwa visenti, krediti elfu chache. Sayari moja inayofanana na Dunia, ukiichunguza na kuichora kwa vidude vya kupimia vinavyorushwa, inalipa mamilioni. Sayari ya amonia ya Ami peke yake ilizidi sanduku langu zima la kwanza. Ukiwa na orodha hiyo ya bei mkononi unaweza kuchora zile nyuzi za EDSM bila kuwahi kuziona.

Dogo ameondoka kwenda kwenye nyota yake ya njano. Ametutumia picha: sayari mbili za gesi na mikanda ya mawe. Jina lake litaandikwa akirudi kuuza.

Dada amekwisha tuma jina la sanduku jirani, upande ulio mbali na uzi, pamoja na jedwali jipya tupu. Ami anataka kuanza baada ya Ijumaa. Mimi nimeomba wiki moja ya kulala. Dogo amekubali kwa sharti la kupewa upande wenye nyota za kuchotea, na Dada amemjibu kwamba upande wenye nyota za kuchotea utajulikana tukishauhesabu.